Trekta la marehemu baba: jua kulizima kabla hujaliwasha

Swali: "Shikamoo fundi. Marehemu baba ametuachia trekta, Massey Ferguson 135, liko bandani kwetu Muheza. Halijatembea tangu alipoanza kuugua, yapata miaka minne sasa. Ndugu wamekubaliana nilitumie mimi kwa sababu ndiye niliyebaki shambani; tuna michungwa, mihogo na mahindi kidogo. Gari naendesha na leseni ninayo. Shemeji anasema mwenye kuendesha gari trekta halimshindi, na kwa kuwa swichi ya ufunguo imekufa tutaliwasha kwa bisibisi kama baba alivyokuwa akifanya. Mama anataka tuliuze chuma chakavu kabla halijaua mtu. Nimsikilize nani?"

Marahaba mwanangu, na pole sana kwa kufiwa.

Chuma chakavu usiuze. Kiwanda cha Coventry, Uingereza, kilianza kutoa 135 mwaka 1964 na kikaendelea nalo hadi miaka ya 1970. Injini yake ya Perkins ya silinda tatu ina nguvu farasi zipatazo 45 na haina kitu cha kumshinda fundi wa kawaida. Pakistan na India ziliendelea kutengeneza matrekta ya ukoo huo huo, ndiyo maana filta, gasketi, pampu za maji na diski za klachi bado zinapatikana. Kwa shamba la ukubwa wenu linatosha kabisa.

Ila kati ya mama na shemeji, mimi niko karibu zaidi na mama. Trekta la enzi hizo lilitengenezwa wakati dereva alikuwa akiachiwa ajilinde mwenyewe. Sweden ndiyo iliyotangulia, mwaka 1959, kulazimisha matrekta mapya yawe na fremu ya kumkinga dereva yakipinduka. Uingereza ikafuata 1970. La baba yako huenda halina fremu, halina mkanda, na halina taa ya kukuonya kwamba umekosea. Kinga zote ambazo trekta jipya huja nazo, kwenye hilo inabidi zitoke kwako wewe uliyekaa kwenye kiti. Ndicho unachokwenda kujifunza, na kuendesha gari hakukufundishi hata robo yake.

Nianze na bisibisi, maana ndiyo iliyonifanya nikujibu haraka.

Anayewasha kwa bisibisi anasimama chini, ubavuni mwa injini, na tairi kubwa la nyuma liko hatua moja kutoka mgongoni kwake. Anagusanisha nati mbili za stata, cheche zinatoka, injini inazunguka. Anachokiruka pale ni swichi ndogo ya usalama ambayo kazi yake ni kuikatalia stata isizunguke kama trekta liko kwenye gia. Sasa chukulia jana yake mtoto alipanda akachezea gia, au mtu alilisimamisha akaliacha ndani ya gia lisisogee. Dizeli ikishika, trekta linaondoka papo hapo, na tairi la nyuma linampitia aliyesimama mbele yake. Hana pa kukimbilia, kwa kuwa upande mmoja kuna injini. Watu wengi duniani wamekufa hivyo, wakiwamo madereva wazoefu waliofanya jambo hilo miaka bila kudhurika, kama marehemu baba. Kwa hiyo kabla ya oili, kabla ya betri, nunua swichi mpya ya ufunguo na mwite fundi umeme wa magari aifunge pamoja na nyaya zote za stata. Bei yake ni ndogo ukilinganisha na matairi, na bila hiyo trekta lisiwashwe.

Akimaliza, mpime kazi yake. Kwenye 135 kuna gia mbili za mkono: ile ndefu ya kuchagua gia, na ile fupi ya kuchagua mwendo mkubwa au mdogo. Ile fupi katikati yake kuna sehemu yenye herufi S, na hapo ndipo stata inatakiwa ikubali. Weka kabari imara mbele na nyuma ya tairi kubwa, watu wote wakae mbali, panda kwenye kiti, acha gia ndefu frii, vuta kitufe cha kuzimia ili dizeli isifike, kanyaga klachi hadi mwisho, weka gia fupi kwenye mwendo mdogo halafu zungusha ufunguo. Stata ikizunguka ujue swichi ya usalama imerukwa, na fundi arudi kazini.

Nimetaja kitufe cha kuzimia. Hapo ndipo waendesha magari wengi wanaposhangaa. Kwenye hilo trekta, kuzima ufunguo hakuzimi injini. Dizeli ikishawaka haihitaji umeme. Inaendelea kuunguruma hata ukichomoa betri. Kuna kitufe cha kuvuta karibu na dashibodi, kinachokata mafuta kwenye pampu, na hicho ndicho kinachoizima. Waya wake ukiwa umeshika kutu, unavuta na hakuna kinachotokea. Ndiyo sababu nasema jua kulizima kabla hujaliwasha: kaa kwenye kiti injini ikiwa imelala, vuta, rudisha, vuta, huku mtu wa pili akiangalia kwenye pampu kama mkono mdogo wa chuma unakwenda hadi mwisho. Usisonge mbele mpaka hilo liwe sawa.

Kuna jambo jingine la dizeli zilizolala. Ndani ya pampu ya mafuta kuna valvu inayopima kiasi cha dizeli. Ikikaa miaka na mafuta yaliyochacha hunata, na siku ya kwanza kuwashwa injini inaweza kupanda resi yenyewe bila kushikika. Ukiona inalia kwa nguvu ambayo hukuiomba, vuta kitufe cha kuzimia mara moja. Isipozima, fundi aizibe hewa: mdomo wa kuingizia hewa ufunikwe kwa ubao au bati nene lililoandaliwa mapema. Asitumie mkono, wala kitambaa chepesi ambacho kitafyonzwa ndani. Kwa hiyo siku hiyo fundi awepo, ubao uwepo, na kila mmoja ajue kazi yake. Dizeli ya zamani imwagwe yote, tangi lisafishwe, filta ziwe mpya. Wakati wa kutoa hewa kwenye mabomba ya noseli usiweke kidole panapochuruzika. Dizeli ya pale ina shinikizo la kupenya ngozi, na jeraha dogo kama tundu la sindano linaweza kukugharimu kidole au mkono. Mtu akipata tundu la namna hiyo aende hospitali saa ile ile, hata kama haumwi.

Oili, maji ya rejeta na grisi fundi atakwambia mwenyewe, sitapoteza muda hapo. Bakuli la hewa lenye oili alifungue, maana panya hupenda kujenga humo.

Ninayotaka uyaone kwa macho yako ni klachi na breki. Hewa ya Tanga ina unyevu na chumvi, na diski ya klachi iliyokaa miaka minne inaweza kushikana na chuma cha injini kwa kutu. Pedali inashuka vizuri, unadhani umetenganisha, kumbe injini na gia bado zimeungana. Jaribio lake lifanyike kwenye uwanja ulio wazi mbele na nyuma: washa likiwa frii, kanyaga klachi hadi mwisho, subiri kidogo, kisha jaribu kuingiza gia taratibu. Likikwaruza na kukataa, au likitaka kwenda huku klachi imekanyagwa, zima. Usilazimishe.

Kwa breki, inama uangalie upande wa ndani wa magurudumu ya nyuma. Ukiona mchirizi mweusi wenye vumbi lililogandamana, umeshuka kutoka kwenye ekseli hadi kwenye ringi, ile ni oili ya gia imevuka sili na kuingia kwenye ngoma ya breki. Breki hizo ni kavu. Zikilowa oili hazishiki, na zikilowa upande mmoja trekta linavutwa upande wa pili. Fundi akifungua asipulize vumbi kwa kompresa, kwani ngozi za breki za miaka hiyo zinaweza kuwa na asibesto, na vumbi lake linaharibu mapafu. Alifute kwa kitambaa kilicholoa maji.

Utakuta pedali za breki ni mbili, zote mguu wa kulia, moja kwa kila gurudumu la nyuma. Zimetenganishwa ili shambani ukate kona kali mwisho wa tuta. Kuna kiungo kidogo cha kuzifunga ziwe moja. Kipindi chote cha kujifunza zifunge, na barabarani zisifunguliwe kabisa, maana ukiwa mwendo kasi ukakanyaga moja tu trekta linageuka ghafla na kulala. Klachi nayo kwenye 135 nyingi ni ya hatua mbili: nusu ya kwanza inakata mwendo wa magurudumu, na ukizidi kugandamiza unakutana na ugumu mwingine, ukiupita huo, shafti ya nyuma ya kuzungushia mashine na haidroliki ya kuinulia jembe navyo vinasimama. Jizoeze kuhisi mpaka ule, injini ikiwa imezimwa, hadi mguu uujue.

Mwalimu tafuta dereva mzee. Mkoa wetu umelima mkonge tangu 1893, na wastaafu walioendesha matrekta kwenye mashamba ya mkonge wapo Muheza, Korogwe na Pangani. Mheshimu, mlipe, lakini asipande nawe. Kiti ni kimoja. Afundishe akiwa amesimama pembeni, mahali unapomwona, mkubaliane ishara ya mkono ya kusimama. Anza uwanja tambarare, bila jembe wala tela, gia ndogo. Nenda, simama, zima, shuka. Rudia hadi mwili wenyewe ukumbuke utaratibu: klachi, frii, breki ya kuegeshea, shusha kilichoinuliwa nyuma, vuta kitufe, zima ufunguo, ndipo ushuke. Jembe lisiachwe limening'inia kwa haidroliki ya kizee ukaingia chini yake.

Sasa kuna hatari ya trekta kupindukia nyuma, ambayo mwenye gari haijui kabisa. Naomba uisome mara mbili.

Injini inazungusha ekseli ya nyuma. Tairi zikiwa huru, ekseli inazungusha tairi, trekta linasogea. Tairi zikizama kwenye tope, au mzigo nyuma ukikataa kutoka, ile nguvu haiendi kokote. Ekseli ikishindwa kuzungusha tairi, inalizungusha trekta lenyewe. Pua inapanda. Dereva ambaye hajawahi kuiona anashangaa kwanza, na tangu tairi za mbele ziachane na ardhi hadi lifike mahali ambapo halirudi tena ni kama robo tatu ya sekunde. Tani moja na nusu ya chuma inakuja chali, na usukani unamkuta dereva kwenye kiti.

Njia za kuliita jambo hilo ni zile zile ambazo vijijini kwetu zinaonekana ujanja. Mtu anataka kung'oa kisiki cha mnazi, anafunga mnyororo kwenye ekseli au kwenye mkono wa juu wa kubebea jembe. Mnyororo ukifungwa juu hivyo, kila kisiki kinapokataa, nyuma ya trekta inavutwa chini na pua inainuka. Kuvuta kitu chochote ni kwenye ule upau wa chini wa kufungia tela, basi. Na kisiki cha mnazi au cha mchungwa usikivute kwa 135, kichimbueni kwa majembe na mashoka. Ujanja wa pili ni kufunga gogo kwenye tairi za nyuma zilizokwama ili zijipandishe. Gogo likikita ardhini tairi haliwezi kuzunguka tena, na umekwisha soma kinachofuata. Masika ikikukuta kwenye tope, jaribu kutoka kwa rivasi, chimba nyuma ya tairi, fungua jembe, au ita trekta jingine likuvute. Mlima mkali kama huna budi kuupanda, upande kwa rivasi, na klachi daima uiachie taratibu, mafuta kidogo.

Kupindukia ubavuni kunatokea zaidi kando ya mitaro na kwenye miteremko, na Muheza yenu ina vilima. Kaa mbali na ukingo wa mtaro kwa umbali usiopungua kina chake, kwa sababu udongo uliolowa unakatika chini ya tairi. Kabla ya kulima eneo lolote litembee kwa miguu, utafute vichuguu, mashimo ya visiki vilivyooza na visima vya zamani vilivyofunikwa na majani. Kuteremka ingiza gia ndogo kabla hujaanza kushuka. Madereva wetu wanapenda kuachia frii ili kuokoa mafuta; trekta lenye tela la machungwa likishapata kasi, breki zile hazilirudishi, na gia haiingii tena.

Fremu ya kinga naisisitiza. Tafuta iliyotengenezwa na kupimwa kwa ajili ya 135, ifungwe kwa bolti zake kwenye ekseli. Ya kuchomelewa na fundi geti mtaani inaweza kupasukia kwenye maungio siku unayoihitaji. Ikishafungwa, mkanda wa kiti ni lazima, kwani fremu inakusaidia tu ukibaki ndani yake. Bila fremu, mkanda usifungwe kabisa. Na kwa sababu mna michungwa, fremu ya kukunja itakufaa: unailaza unapopita chini ya matawi na kuisimamisha ukitoka. Matawi hayo yaogope kwa sababu nyingine pia. Mafuta ya trekta yanawekwa kwa mkono na kubaki pale pale ulipoyaweka, si kama gari ambalo ukiondoa mguu linapunguza. Tawi likikuangusha, trekta linaendelea na safari yake, na jembe liko nyuma linakuja.

Shafti ya nyuma, ile ya kuzungushia mashine ya kupukuchulia mahindi, inakwenda mizunguko 540 kwa dakika, yaani 9 kwa kila sekunde. Shafti nene kama mkono wa mtu mzima ikishika nguo, inavuta karibu mita 2 za kitambaa kwa sekunde moja. Huwezi kujinasua, wala aliye karibu hawezi kufika kwenye kitufe kwa wakati. Kwa hiyo dera, kanga, kikoi na mtandio unaoning'inia visikaribie. Vaa suruali au ovaroli iliyobana mikononi, buti ngumu, na ushungi mdogo uliochomekwa ndani. Shafti iwe na kifuniko chake cha plastiki kizima kuanzia mwanzo hadi mwisho; nyingi za zamani zimekipoteza, nunua. Mtu yeyote asiiruke ikiwa inazunguka, hata kama njia ya kuzunguka mbele ni ndefu. Mashine ikisakamwa na magunzi, zima injini kwanza ndipo upeleke mkono.

Watoto. Najua ilivyo siku ya kwanza trekta la babu likiunguruma tena: wajukuu wote watataka kukaa kwenye madigadi, na wakubwa watasema waache wafurahi. Kataa, hata ukiitwa mwenye roho mbaya. Shimo moja dogo linatosha kumrusha mtoto mbele ya tairi la nyuma, na dereva halioni. Utingo naye asisimame kwenye upau wa tela. Wa kwenda shambani aende kwa miguu au kwa bodaboda. Ukiegesha chomoa ufunguo ukae nao, na ndugu wote, shemeji akiwamo, wajue anayetaka kulitumia anapitia kwako na anafuata utaratibu huo huo.

Barabara ya Segera–Tanga usiiingie mwaka huu. Usajili, bima na leseni ya kuendesha trekta barabarani vimalize kwanza na askari wa usalama barabarani, uweke na viakisi vikubwa nyuma, kwani basi linalokuja kwa kasi linakufikia kabla dereva wake hajatambua kwamba wewe unatambaa. Usiku lisitoke.

Mwambie mama hajakosea kuogopa. Mshirikishe siku ya majaribio, akae barazani mbali, aone namna unavyolizima.

Fundi umeme akishamaliza, nitumie picha ya nyaya za stata, na picha nyingine ya kibamba chenye namba karibu na dashibodi, ili nikwambie filta na ngozi za breki zipi zinaingia kwenye toleo lako. Kabla ya kununua sili za ekseli fungueni magurudumu yote mawili ya nyuma. Ikivuja moja, badilisha zote mbili pamoja na ngozi zake.